Tulipokuwa Wageni Sote

Utaje mchezo wa simu wa Mini Militia mbele ya mtu wa Bwera, mji wa mpakani wilayani Kasese, Uganda, aliyekuwa sekondari katikati ya miaka ya 2010, uone anavyoacha anachokifanya. Wengi wao leo ni watu wazima wenye majukumu: walimu, mawakala wa forodha pale Mpondwe, waendesha boda, wauza vitenge, mama wa watoto wawili. Lakini jina hilo likitajwa, vidole vinakumbuka vyenyewe. Dole gumba la kushoto linarusha, la kulia linalenga. Kisha yanafuata maneno ambayo nimeyasikia Kasese mjini, nikayasikia Kisinga, nikayasikia tena Bwera: siku zile mchezo ulikuwa mtamu, ya sasa haina ladha.

Nimejiuliza mara nyingi ni kitu gani hasa kilichokuwa kitamu.

Kwa macho ya leo, mchezo wenyewe ni mdogo. Ni vikatuni vya askari wenye vichwa vikubwa, vinavyoruka kwa viatu vya roketi na kupigana ndani ya mapango na juu ya minara. Kampuni ya Appsomniacs iliyoutengeneza iliweka njia mbili za kucheza pamoja: kwa intaneti hadi watu 6, au kwa Wi-Fi ya karibu hadi watu 12. Hiyo njia ya pili ndiyo iliyoufanya uwe wetu. Bando la siku lilikuwa pesa ya kula. Lakini mtu mmoja akiwasha hotspoti, wenzake wanajiunga, na hakuna anayekatwa hata shilingi. Hata kuupata mchezo hakukuhitaji bando. Ulihama simu kwa simu kwa programu ya Xender, ukitoka kwa binamu aliyerudi likizo kutoka Kampala hadi kwa jirani, na kutoka kwa jirani hadi ng'ambo ya mto Lhubiriha, kwa vijana wa Kasindi, upande wa Kongo, waliovuka na wazazi wao siku za soko.

Hotspoti ya simu ya bei nafuu haifiki mbali. Ukuta mmoja wa matofali na mita chache, imeisha. Kwa hiyo mchezo wa aina ambayo kwingine duniani iliwakutanisha watu wasiojuana, huku kwetu uliwabananisha waliojuana kwenye baraza ya duka. Ukimpiga mtu, unamsikia akiguna. Ukijificha nyuma ya mwamba, kicheko chako kinakuumbua. Lugha ilikuwa Lhukonzo, na alipokuwepo mgeni wa Bunia au Goma walihamia Kiswahili bila kuambiana, kama wanavyofanya mama zao sokoni wanapopima maharage.

Jambo moja nililiona kwa karibu, na mpaka leo nalipima. Simu iliyobeba hotspoti ndiyo iliyobeba mchezo. Ikizimika, wote mmeishia hapo, awe anayeongoza, awe anayeburura mkia. Na umeme wa Bwera mnaujua: mawingu yakikusanyika tu juu ya Rwenzori, taa zinaaga. Jioni moja kulikuwa na pawabanki moja barazani na waya mmoja. Mwenye hotspoti ndiye aliyekuwa akiwaua wenzake bila huruma, na simu yake ilikuwa inakaribia kukata roho. Yule aliyekuwa ameuawa mara nyingi kuliko wote alichomoa waya kwenye simu yake mwenyewe, akamchomekea. Hakusema neno, wala hakuna aliyemshukuru. Waliendelea, na akaendelea kuuawa.

Na namna walivyojifunza! Mwongozo haukuwepo, na kutazama video YouTube kulikula bando. Hakuna aliyejua kwamba nguvu ya kuruka hujijaza ukitulia, wala kwamba bunduki ya mdunguzi huzuka tena baada ya kuokotwa. Aliyegundua jambo alilificha kidogo, akashinda, akaona raha, kisha siri ikamzidi uzito akaitoa. Kesho yake baraza nzima inajua. Aliyekuja mara ya kwanza alikabidhiwa simu, akafa papo hapo, wakacheka, na kabla kicheko hakijaisha kuna mkono uliokuwa tayari juu ya kioo chake ukimwonyesha: hapa, shika hapa, usiachie. Mwenye mkono ule naye alijua kwa sababu alionyeshwa wiki iliyopita.

Siwezi kuandika juu ya mchezo wa bunduki Bwera nikazipita bunduki zenyewe. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF waliishambulia Mpondwe, na vita vilivyofuata viliwaondoa watu wengi milimani. Novemba 2016, Kasese mjini, jeshi lilivamia ikulu ya mfalme wa Rwenzururu na watu zaidi ya 100 wakauawa katika muda wa siku mbili. Juni 2023 waasi wa ADF walirudi, safari hii kwenye bweni la Shule ya Sekondari ya Lhubiriha. Waliuawa watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, watoto wa umri uleule wa waliokuwa wakikaa barazani. Wazazi waliokataza mchezo huu hawakuwa washamba wa teknolojia. Walikuwa na masikio yanayokumbuka. Ninayo heshima kubwa kwa baraza moja ambako wachezaji walizima sauti za simu zao kwa sababu ya bibi wa nyumba, ambaye mwaka 1996 alikimbia na mtoto mgongoni. Hakuna aliyewaamuru. Mmoja alimwona bibi ameshtuka, akapunguza sauti, na wengine wakafuata. Mchezo wa kimya, vidole vinagonga vioo, bibi anachambua mchele wake. Nikiulizwa ustaarabu wa siku zile ulikuwa wapi, huwa naanzia hapo.

Baraza ile ilikuwa na uhuru wake pia. Julai 2018 serikali ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetaka WhatsApp, Facebook au Twitter, hotspoti haikudaiwa kitu. Januari 2021, siku za uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa karibu siku 5, na Facebook ikafungwa. Wapo waliokuwa wameshaifuta Mini Militia, wakaitafuta kwa watu na kuirudisha kwenye simu. Kwa siku zile chache barazani kulijaa kama zamani, na hata mimi niliamini kwamba zamani zimerudi. Mtandao ulipofunguliwa, kila mmoja aliinamia ujumbe wake uliokuwa umelundikana, na baraza ikatawanyika kabla jua halijazama.

Kwa kweli mchezo ulikuwa umeshaanza kufa. Kilichouua kwanza ni zile mod, matoleo yaliyochakachuliwa: risasi zisizoisha, uhai usiokatika, askari anayepenya ukuta. Inaniuma kwamba zilikuja kwa njia ileile ya Xender iliyotuletea mchezo, mkono kwa mkono, kwa ukarimu uleule. Hata hivyo barazani mwizi alikamatika. Simu yake ilichukuliwa ikakaguliwa, akaambiwa aifute mbele ya watu, na aibu ilimtosha. Kwenye mchezo wa mtandaoni hakuna wa kukagua simu ya mtu aliyeko nchi nyingine, na aibu haisafiri kwa intaneti.

Mengine tunayajua sote. Machi 2020 shule zilifungwa na mpaka ukafungwa kwa abiria. Shule zilipofunguliwa kikamilifu, Januari 2022, wengine walikuwa wameshaoa, wengine wameshazaa, wengine wako Kampala wanatafuta maisha. Wenye simu nzuri walihamia Free Fire na PUBG Mobile, michezo mikubwa inayotaka bando na hedifoni, ambako mwenzako ni jina tu juu ya kichwa cha askari.

Haya hayakutokea Bwera peke yake, na kwingine watu wamejaribu hata kuzirudisha siku zao. Mchezo wa RuneScape ulianza Uingereza mwaka 2001, mikononi mwa Andrew Gower na nduguze. Mwaka 2012 kampuni ya Jagex ilibadilisha namna ya kupigana, wachezaji wengi wakasusa. Mwaka uliofuata waliulizwa kama wanautaka ule wa zamani. Zikapigwa kura zaidi ya 400,000, na kampuni ikafufua nakala ya akiba ya Agosti 2007. Upande wa World of Warcraft, mchezo wa mwaka 2004, kiongozi mmoja wa kampuni ya Blizzard, J. Allen Brack, aliulizwa mwaka 2013 kuhusu kurudisha toleo la mwanzo, akawajibu wachezaji kwamba wanadhani wanalitaka lakini hawalitaki. Miaka 6 baadaye, Agosti 2019, kampuni hiyohiyo ililitoa, na watu walijipanga kwa maelfu kwenye foleni za seva ili waingie.

Nimeisoma habari hiyo nikiwaza baraza. Waliorudi kwenye World of Warcraft waliikuta milima ileile, madimbwi yaleyale, hata muziki uleule. Lakini katika miaka ile 15 kila siri ilikuwa imeandikwa mahali. Kila njia ya mkato ilijulikana, kila silaha bora ilikuwa na jina na hesabu yake. Wengi walikimbia hadi mwisho kama watu wanaowahi basi, na aliyetembea polepole akishangaa aliambiwa anawachelewesha. Nchi ilirudishwa. Kule kutojua kwa pamoja hakukurudi, maana hakuna nakala ya akiba yake. Brack hakukosea kabisa, na wachezaji nao hawakukosea. Walikitaka kitu cha kweli ambacho kampuni haikuwa nacho cha kuwauzia.

RuneScape ya zamani imedumu, na nadhani najua sababu mojawapo. Haikubaki kuwa jumba la makumbusho. Iliendelea kuongezwa nchi mpya na kazi mpya, na mabadiliko mengi makubwa hupigiwa kura na wachezaji wenyewe. Kwa hiyo wazee wa mwaka 2007 wakajikuta tena hawajui, bega kwa bega na mtoto aliyejiunga jana.

Hapo ndipo ninapowageukia wenzangu wa Kasese. Tunalalamika kwamba watoto wa siku hizi wana matusi, wanajifungia, hawachezi kwa upendo. Ingia leo kwenye chumba cha michezo pale mjini, chenye televisheni na vidhibiti vya mchezo wa mpira, ukae pembeni utazame. Mtoto mgeni anakaa kwenye kiti, anafungwa bao la kwanza, la pili, la tano. Waliomzunguka wanazomea hadi anyanyuke. Wengi wa wanaozomea wana ndevu. Ni walewale wanaosema siku zile tulikuwa ndugu. Walionyeshwa walipokuwa hawajui, na sasa wanajua, wamekaa juu ya ujuzi wao kama mtu aliyekalia benchi peke yake.

Na hata siku zile hatukuwa ndugu wa wote. Dada mmoja wa Bwera, aliyekuwa darasa moja na mabingwa wa barazani, nilimwuliza anakumbuka nini kuhusu Mini Militia. Alinijibu kwamba anakumbuka kupita pale na mtungi wa maji kichwani na kulazimika kuruka miguu yao. Hakuwahi kupewa simu hata mara moja. Alitaka, lakini hakuna aliyemwuliza, na baadaye alikuwa na chakula cha kupika. Wasio na simu nao walisimama nyuma, wakaona mchezo kwa kupitia bega la mtu, wakingoja zamu ambayo mara nyingi ilikuja chaji ikiwa imekwisha. Nikisikia mtu akiitamani baraza ile, natamani amkumbuke na aliyesimama, na aliyepita na mtungi. Kumbukumbu inayowaacha hao nje si kumbukumbu nzima, hata iwe tamu namna gani.

Nisieleweke vibaya. Sitaki kuwanyang'anya watu utamu wao. Wangu mwenyewe ninao na ninaushika. Ninachosema ni kwamba tukiuchunguza vizuri tutakuta ndani yake kuna mtu aliyetupokea tulipokuwa hatujui kitu, na kupokewa huko hakukutegemea mwaka wala aina ya simu. Hakukuletwa na Appsomniacs. Kulitoka kwa watu waliokuwa na uwezo wa kuzomea na wakaamua kuonyesha. Uwezo huo bado uko mikononi mwetu, tena mwingi kuliko wakati ule, kwa sababu sasa tunajua.

Kuna mwalimu hapa Bwera, mmoja wa mabingwa wa zamani, ambaye wakati wa likizo huwasha hotspoti yake jioni kwa watoto wa jirani, wavulana na wasichana. Hubadilisha mchezo kila likizo, na huutafuta ambao hata yeye hajawahi kuucheza. Simu zikiwa chache wanapokezana kwa saa ya mkononi. Sharti ni moja: anayejua zaidi anachukua simu mbovu kuliko zote. Likizo iliyopita ilikuwa itel yenye kioo kilichopasuka, isiyosikia mguso upande wa kulia, na mabinti wawili wa darasa la sita waliigombania mpaka mwalimu akalazimika kurusha sarafu.