Kunyamaza Mpaka Adui Atoke

Suala limetufikia kutoka kwa ndugu yetu mmoja wa Kimana, mji ulio juu ya njia itokayo Emali kwenda Loitokitok, ambako Waislamu ni wachache na darsa yao ni ndogo, lakini maswali yao, alhamdulillahi, si madogo. Auliza hivi: Ikiwa jeshi la kigeni limeingia nchi ya Waislamu na kuikalia kwa nguvu, kisha likasimama kundi la Waislamu wenye silaha likapigana na jeshi hilo, na kundi hilo hilo likawa lawaua Waislamu wanaotofautiana nalo katika madhehebu au tarika, je, yatupasa kulikabili? Au tunyamaze mpaka mgeni atoke, ndipo tuhesabiane wenyewe kwa wenyewe? Asema kwamba vijana wa darsa wamegawanyika, na walio wengi washika hilo la pili, kwani waona kulisema kundi lile ni kumpa adui nguvu.

Jawabu letu ni kwamba kunyamaza hakufai. Lakini wanaotaka tunyamaze wana hoja yao, na hoja haijibiwi kwa makemeo.

Kwanza tuseme lile tusilobishana na mtu. Wenye nchi wana haki ya kuitetea nchi yao, na mwenye kuingia nyumba ya mtu kwa bunduki hana la kulalamika akipokewa kwa bunduki. Maneno yetu ni juu ya damu nyingine, ile isiyokuwa ya mvamizi.

Kisa chake kimekwisha tokea katika pwani yetu hii. Sayyid Muhammad Abdallah Hassan, ambaye Waingereza walimwita mwenda wazimu, alirudi Berbera kutoka Makka mwaka 1895 akiwa mfuasi wa tarika ya Salihiya, na mwaka 1899 akainua bendera ya jihadi. Wakati huo nchi ya Wasomali ilikuwa imekatwa vipande kama nyama ya sadaka: Mwingereza yupo Berbera, Mtaliani yupo Benadir, Mfaransa yupo Jibuti, Mhabeshi yupo Ogadeni. Alipigana miaka ishirini na kitu. Waingereza walimpelekea jeshi baada ya jeshi baina ya 1901 na 1904 wasimpate, na hawakuivunja ngome yake ya Taleh illa mwaka 1920, walipoleta ndege zikaangusha mabomu. Mwisho wa mwaka huo alikufa kwa maradhi. Ushujaa wake hatuukatai, na mashairi yake Wasomali wangali wakiyahifadhi.

Wakati huo huo alikuwako Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, mji wa ndugu zetu ambao lugha yao ya Chimiini ni tawi la Kiswahili. Alisoma Baghdad, akarudi na ijaza ya Kadiriya, akafika Unguja akaheshimiwa na masultani wake, na kwa mikono ya makhalifa wake watu wengi wa bara ya Tanganyika waliingia katika dini. Watu wa Salihiya walimpinga katika mambo ya tawassuli na kuzuru makaburi, naye akawajibu kwa kalamu. Tarehe 14 Aprili 1909 madarweshi wa Sayyid walimvamia katika kijiji chake cha Biyoley, wakamuua pamoja na wanafunzi wake. Alikuwa mzee wa miaka sitini na miwili hivi, wala hakuwa askari wa Mtaliani.

Atasema msemaji: lakini watu wa Kadiriya hawakumpiga Mtaliani kama alivyompiga Sayyid. Na iwe hivyo. Asiyepigana si lazima awe msaliti. Pengine hana nguvu, pengine aona kufundisha watoto Qur'ani ndiyo kazi aliyopewa, pengine hakubali kwamba huyu anayejiita amiri ni amiri wake. Na kama kila asiyechukua bunduki damu yake ni halali, basi wangebaki Waislamu wangapi wa hiyo nchi inayokombolewa?

Hapa lipo jambo ambalo sisi wa safu hizi hatuwezi kulipita kwa kufumba macho. Sisi ni watu wa islahi. Miaka yote twasema juu ya nadhiri za makaburini, juu ya kuwaomba wafu, juu ya mali ziliwazo kwa jina la baraka. Ukiyaweka maneno yetu mbele ya maneno ya Salihiya katika masuala hayo, mara nyingine hutaona tofauti kubwa, na leo makundi yenye bunduki yatumia maneno yale yale. Kwa ajili hiyo dhima yetu ni kubwa kuliko ya mwingine. Mtu wa tarika akiwakemea, watasema amekemea kwa kuwa kaburi la sheikh wake limevunjwa. Sisi hawawezi kutuambia hivyo. Mwenye kukosoa bid'a amtaka ndugu yake aishi, asikie, ajibu, na akitaka arudi. Anayemuua hakumkosoa, amemfunga mlango wa toba na wa hoja pamoja.

Na ugonjwa huu ni wa zamani. Wale Makhawariji waliomtoka Sayyidna Ali walipiga kelele kwamba hukumu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, naye akasema kwamba neno lenyewe ni la haki ila wanalolikusudia ni batili. Hakuwafukuza misikitini, hakuwanyima haki yao, wala hakuanza kuwapiga. Imepokewa katika tarikhi kwamba njiani mmoja wao aliokota tende iliyoanguka akaitia kinywani, wenzake wakamgombeza mpaka akaitema, kwani ilikuwa mali ya mtu. Mwingine alimuua nguruwe wa dhimmi, wakamridhisha mwenyewe. Kisha watu hao hao, wenye kuogopa tende moja, wakamchinja Abdallah mwana wa Khabbab, sahaba, na mkewe aliyekuwa na mimba, kwa kuwa jawabu lake juu ya Ali halikuwapendeza. Ndipo Ali akataka wauaji watolewe, na walipokataa akawapiga Nahrawani, mwaka wa 38 wa Hijra. Naye wakati huo alikuwa na adui mwingine mbele yake, Sham, na safari ya kwenda huko ilikuwa tayari. Hakusema tungoje kwanza ya Sham yaishe. Aliona kwamba hawezi kuwaacha watu hawa nyuma, pamoja na wake na watoto.

Turudi kwenye hoja ya kungoja, maana ndiyo inayowashika vijana. Mwishoni mwa 2006 jeshi la Ethiopia liliingia Mogadishu na kuziondoa Mahkama za Kiislamu. Wasomali wengi wasiowapenda Al-Shabab walifunga midomo yao: kwanza Mhabeshi atoke. Mwaka 2008, Mhabeshi angalipo, Al-Shabab na wenzao walitwaa Kismayu, na makaburi ya masheikh yakavunjwa. Januari 2009 Mhabeshi akatoka, na mwisho wa mwezi huo Sheikh Sharif Sheikh Ahmed, aliyekuwa mkubwa wa zile Mahkama zilizoondolewa, akachaguliwa Rais. Basi silaha zilitua? Ilipofika Mei walikuwa wakimpiga yeye. Tutaambiwa kwamba majeshi ya Umoja wa Afrika yalikuwa yamebaki, na kweli yalibaki. Lakini wale wanafunzi waliouawa Mogadishu tarehe 4 Oktoba 2011, waliokuja kutazama majina yao katika nafasi za masomo ya Uturuki, walikuwa jeshi la nani? Na kundi lenyewe lilijisifu kwa tendo hilo.

Kwa hiyo mwenye kungoja hajui amngoja nini. Upanga uliozoea shingo ya jirani hauambiwi sasa vita vimekwisha.

Lakini lipo shimo la pili, nalo twaliogopa sawasawa na la kwanza: kumkimbilia mgeni atushindie ndugu zetu. Ndugu wa Kimana na aitazame ardhi aliyokaa. Alipokufa laiboni Mbatian, wanawe Lenana na Sendeyo walipigana juu ya cheo chake. Lenana akaegemea kwa Waingereza, na moran wa Kimasai wakafuatana na misafara ya Waingereza kupiga makabila mengine, kama vile Wanandi mwaka 1905, na malipo yao yakawa ng'ombe. Mwaka 1904 walitiliana mkataba wa kugawiwa nchi, na mwaka 1911 wakatakiwa waitoke Laikipia wahamie kusini, ambako Kajiado imo. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913 walikataliwa kusikizwa. Mgeni hakuwa na rafiki, alikuwa na haja, na haja yake ilipokwisha urafiki ukaisha.

Hata lile la haki mgeni hulitia mkono wake. Baada ya mambo ya Sayyid kuenea, sheikh wake mwenyewe, Muhammad Salih, alimwandikia kutoka Makka akimkana na kumlaumu kwa damu na mali za Waislamu. Wafuasi wengi waliyumba, na baadhi wakamwacha. Nayo imesimuliwa kwamba Wataliani walikuwa na mkono katika kuipata barua hiyo. Je, barua ikawa batili? Hapana. Lau sheikh angeiandika miaka mitano kabla, bila ya kusukumwa na mtu, ingekuwa na uzito gani! Ukimya wa wanavyuoni ndio unaompa mgeni nafasi ya kuwa yeye mwenye kusema haki, na haki ikitoka kinywani mwake hainunuliwi.

Basi kukabili ni nini? Si lazima iwe bunduki. Watu wa tarika wa Somalia ya kati walishika silaha mwaka 2008 kwa jina la Ahlu Sunna, na anayelinda nyumba yake na msikiti wake hatumlaumu, ingawa yaliyofuata ya siasa na misaada ya mataifa yana maneno. Kwa walio mbali kama sisi, kukabili ni kusema msikitini kabla ya kuulizwa na serikali, kumnyima mchangishaji fedha asiyeeleza ziendako, na kukaa na kijana anayesema pembeni mpaka amalize hoja yake yote. Wala tusidanganyane kwamba haina gharama. Tarehe 21 Desemba 2015, watu wa basi lililokuwa likienda Mandera walipoamriwa Waislamu wajitenge na Wakristo, walikataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafa mwezi uliofuata. Na Mombasa tunakumbuka Juni 2014, Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu, alivyouawa Likoni, naye alikuwa amesimama wazi kuwapinga wenye kuwachochea vijana.

Ndugu yetu ameuliza pia, mwisho wa waraka wake, kama yafaa kuwaita watu wa kundi hilo makafiri. Hatuwaiti. Sayyidna Ali aliulizwa hivyo hivyo juu ya watu wa Nahrawani, naye akasema kwamba ukafiri ndio walioukimbia. Kuwatoa watu katika Uislamu ndiyo biashara yao, na sisi hatukufungua duka hilo.