Je, Mwajiri Ana Haki ya Kukataa?

Tarehe 20 Machi 2020, siku tatu kabla ya watu wa Uingereza kuamriwa kukaa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Waziri wa Fedha wa nchi ile, Rishi Sunak, alitangaza jambo ambalo serikali yake haikupata kulifanya kamwe. Alisema ya kwamba mwajiri asiye na kazi ya kuwapa watu wake asiwafukuze. Awapumzishe tu, majina yao yabaki katika daftari lake la mishahara, nayo serikali itatoa asilimia 80 ya mshahara wa kila mmoja, pasipo kupita pauni 2,500 kwa mwezi. Mpango huo ulidumu hadi tarehe 30 Septemba 2021. Kazi milioni 11.7 zilihifadhiwa kwa njia hiyo, na gharama yake ilifika pauni bilioni 70 hivi.

Watu wengi waliusifu mpango huo, na walikuwa na sababu. Lakini ndani yake mlikuwa na neno moja linalotaka kufikiriwa. Fedha zilikuwa za serikali, bali ufunguo ulikuwa mkononi mwa mwajiri. Mfanyakazi hakuweza kwenda mwenyewe kuziomba. Mwajiri akitaka, alimwandikia barua ya kumpumzisha, na mtumishi akakubali. Asipotaka, mpango wenyewe haukumlazimisha. Basi kwa nini mtu aliyepewa fedha za mwingine ili amlishe mtumishi wake akatae kuzipokea? Na akikataa, je, amekosa mbele ya Mungu, au ametumia tu haki yake?

Haifai kuharakisha kumhukumu. Kuna waliokataa kwa sababu kazi ilikuwako. Aliyepumzishwa hakuruhusiwa kumfanyia mwajiri wake kazi yoyote, hata ya saa moja, wala kupumzishwa hakukuweza kupungua majuma matatu. Ilikuwa Julai 2020 tu serikali ilipolegeza sharti hilo. Mwenye nyumba ya kutunzia wazee angewapumzishaje watumishi wake wote? Nani angewalisha wazee? Kuna na waliokosa fedha za kuanzia. Mlango wa kuombea msaada ulifunguliwa tarehe 20 Aprili, na mishahara ya Machi ilikuwa imekwisha kungojewa. Mwenye mkahawa ambaye hakuuza hata kikombe kimoja tangu siku ya kufunga, atatoa wapi mishahara ya watu sita huku akingoja kurudishiwa?

Sababu nyingine hazisemwi kwa sauti. Mtumishi anayebaki daftarini huendelea kujipatia haki: siku zake za likizo huongezeka ingawa amekaa nyumbani, na muda wake wa utumishi huhesabiwa. Kwa sheria ya Uingereza, aliyetimiza miaka miwili kwa mwajiri mmoja hupewa fidia akiachishwa kwa sababu kazi yake haihitajiwi tena. Aliyetimiza miezi 20 tu hapewi. Mwajiri mwenye hesabu kali aliona ya kuwa kumpumzisha mtu wa namna hiyo miezi minne ni kumvusha mpaka, halafu kumwachisha kwa gharama. Afadhali aende sasa. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa, na hakuna mwalimu wa hesabu awezaye kuikosoa.

Uko mfano unaolifunua jambo hili kuliko mingine yote, nao ni wa mtu aliyeaga kazi yake mwanzoni mwa Machi 2020 kwa sababu amepata nyingine. Alipokuwa katikati ya njia, nchi ikafungwa. Mwajiri mpya akamjulisha ya kwamba hamhitaji tena; wala hakuweza kumwombea msaada, maana jina lake halikuwa daftarini siku iliyowekwa na serikali, iliyokuwa kwanza 28 Februari, halafu ikasogezwa hadi 19 Machi. Lakini mpango uliruhusu mwajiri wa kwanza amwandike tena mtu huyo na kumpumzisha, hata kama aliondoka kwa hiari yake, mradi aliondoka tarehe 28 Februari au baadaye. Hadi mwisho wa Julai serikali ilitoa zile asilimia 80, pamoja na michango ya lazima ya bima na ya pensheni iliyo juu ya mwajiri. Mwajiri wa zamani alitakiwa kutoa nini? Karatasi chache, saa chache za karani wake, na labda siku kadhaa za likizo.

Wako waliokubali, na wako waliokataa. Aliyekataa aliweza kujibu: “Aliondoka mwenyewe. Si mtu wangu tena.” Jibu hilo lina uzito wake, maana mapatano yalikwisha kwa njia halali, na hakuna aliyebaki na deni. Pengine alihofu watoza kodi, wasije wakamwuliza mbona anamwandika mtu asiye na kazi ya kumpa. Pengine kilikuwako kinyongo kidogo tu. Mtu akiachwa huona aibu, hata bwana mkubwa, na ni vigumu kumfungulia mlango yule aliyeufunga kwa furaha siku kumi zilizopita.

Eklezya haifundishi ya kwamba kila wajibu hufa siku mapatano yanapokufa. Papa Leone XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alionyesha kwamba chini ya mapatano ya mwajiri na mtumishi imo haki ya asili iliyotangulia mapatano yote. Naye Papa Yoane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, aliwatenga waajiri wa namna mbili: yuko wa karibu, anayeandika mkataba, yuko na wa mbali, yaani serikali na taratibu zote zinazoongoza kazi, ambaye naye atajibu juu ya haki za mtumishi. Katika mwaka 2020 mwajiri wa mbali alifungua kasha lake, akamfanya yule wa karibu kuwa wakili wake. Wakili aliyekabidhiwa chakula cha wengine hawezi kusema: “Si changu, basi sina la kujibu.” Kwa kuwa si chake, kukinyima kunataka sababu kubwa zaidi kuliko kunyima kilicho chake.

Walimu wa maadili hupambanua deni la haki na deni la upendo. Aliyeaga kazi hakuwa na deni la haki la kumdai mwajiri wa zamani, na haifai kumtwika mwajiri huyo mzigo wa mwizi. Bali deni la upendo nalo ni deni. Uzito wake hupimwa kwa shida ya mwenye kuomba na kwa wepesi wa mwenye kutoa. Shida ikiwa ni mkate wa watoto na kodi ya nyumba, na gharama ya kutoa ikiwa ni karatasi na wino, ni vigumu kuona kukataa kwaweza kuitwaje kosa dogo. Kwa mtumishi aliyekuwa bado kazini neno ni zito zaidi. Mwaka 2021 baraza moja la hukumu za kazi nchini Uingereza liliamua ya kwamba mwajiri aliyemwachisha mtumishi wake pasipo hata kufikiri kumpumzisha hakutenda haki. Mabaraza mengine hayakuamua hivyo katika kesi nyingine. Sheria yenyewe ilikuwa ikitafuta njia.

Wala waliopumzisha watu hawakuwa wote watakatifu. Wengine walipokea fedha za serikali huku wakiwatumikisha watu kwa siri: kwa kalamu amepumzika, kwa simu anafanya kazi. Septemba 2020 wakuu wa kodi walikadiria ya kwamba baina ya asilimia 5 na 10 ya fedha zilizotolewa huenda zilitoka isivyopasa, kwa udanganyifu au kwa makosa. Tena likatokea lile nung’uniko la wafanyakazi wa mizabibu katika mfano wa Bwana wetu Yezu Kristu. Aliyebaki dukani, akipumua hewa moja na wagonjwa, alipata mshahara kamili; jirani yake alipata asilimia 80 kwa kukaa na watoto wake. Mwajiri ndiye aliyechagua nani abaki na nani aende, na mara nyingi hakueleza kwa nini. Kuficha sababu kulileta uchungu mwingi kuliko uchaguzi wenyewe.

Mioyo ilifunuliwa zaidi tangu Agosti 2020. Mwezi huo mwajiri alianza kulipa michango. Septemba akatakiwa kutoa asilimia 10 ya mshahara. Oktoba asilimia 20. Na mpango ulitazamiwa kwisha tarehe 31 Oktoba. Katika miezi ya Septemba hadi Novemba idadi ya walioachishwa kazi ikapita hata ile ya taabu ya fedha ya mwaka 2009. Kisha, siku ile ile ya 31 Oktoba, serikali ikatangaza ya kwamba mpango utaendelea. Waliokuwa daftarini tarehe 23 Septemba, wakaachishwa baadaye, waliweza kurudishwa. Mara ya pili ufunguo ukawa mkononi mwa mwajiri yule yule.

Katika Kongo halikuwako kasha la namna hiyo. Hali ya dharura ilitangazwa tarehe 24 Machi 2020, na tangu tarehe 6 Aprili mtaa wa Gombe mjini Kinshasa ukafungwa. Mpishi akaaye Masina au Kimbanseke hakuweza kupita bila ruhusa. Mwenye nyumba hakuwa wakili wa mali ya serikali. Fedha zilikuwa zake, na swali lilimkabili pasipo msaada. Lakini si wote waliosimama mahali pamoja. Alikuwako aliyeendelea kupokea mshahara kutoka ofisi iliyofungwa, huku amekaa sebuleni kwake, naye akamkata mpishi siku zote ambazo askari walimzuia njiani, kwa sababu “hakufanya kazi”. Mtu huyo alikuwa anadaiwa, wala si sadaka tu. Na alikuwako mwingine aliyekosa mshahara pamoja na mpishi wake. Huyo hakudaiwa kutoa asichokuwa nacho. Alidaiwa kumwambia mpishi ukweli mapema, asimwache akipiga simu kila Jumamosi, na njia zilipofunguliwa kumwita yeye kwanza, kabla ya kutafuta mwingine wa mshahara mdogo.