Hodi ya Pili

Kuna swali limeninyima usingizi: je, ni haki kumwambia mama ukweli usio na dawa?

Dada yangu ana mtoto wa kiume, sasa miaka minne. Kliniki hakukosa hata mwezi mmoja. Mtoto anapandishwa kwenye mizani, kadi inachorwa, "uzito safi, mama, nenda." Hakuna aliyeuliza mbona akiitwa hageuki, mbona kutwa anakaa uani kupanga vizibo vya soda mstari mmoja. Majirani wakasema watoto wa kiume huchelewa kusema. Wengine, karogwa huyo.

Halafu siku moja daktari akamwambia, tena koridoni, wamesimama: "Mtoto ana usonji. Hauna dawa." Basi! Dada akarudi na daladala, akakaa jikoni mpaka giza likaingia, jiko halijawashwa.

Nilimlaani yule daktari. Bora angenyamaza, nikasema. Lakini hebu tufikiri. Angenyamaza, dada angebaki mikononi mwa wenye majibu tayari: mganga na wasengenyaji. Angeendelea kujiuliza amemkosea nani. Kumnyima mtu jina la jambo linalomsumbua si huruma hata kidogo.

Kwa hiyo kusema alisema sawa. Alikosea kusema halafu akaondoka.

Nimesoma habari za Uingereza. Huko England halmashauri zinatakiwa kumpa kila mtoto ukaguzi wa afya mara tano, kuanzia akiwa tumboni hadi afikapo miaka miwili au miwili na nusu. Wanaohusika ni wauguzi na wakunga waliosomea zaidi kazi ya kutembelea majumbani. Sehemu nyingine wapo waliobobea kwa watoto kama huyu wetu. Muuguzi anaingia ndani, anaangalia mtoto anavyolala, anavyokula, kelele gani inamtisha. Anamwonyesha mama jinsi ya kuzungumza naye kwa picha. Halafu anarudi tena. Si kwamba kwao ni peponi, la hasha. Tangu 2015 idadi ya wauguzi hao imeshuka sana, na wazazi wanalalamika.

Kwetu, Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watu wa mtaa huohuo wanaopita nyumba kwa nyumba. Natamani mmoja wao afundishwe kuketi kwenye mkeka wa dada, atazame vile vizibo, aulize maswali. Dawa hatutamdai. Tutamdai arudi wiki ijayo.

Jibu langu basi ni hili: ukweli mzito ni haki ya mama, ila anayeubeba anadaiwa hodi ya pili.

Na sisi vijana tunaotaka kuwa waandishi tusijifanye wasafi. Tunachungulia machungu ya watu, tunayaandika, tunasifiwa, tunahamia kwa mwingine. Nilipomaliza kuandika haya nilikwenda kwa dada. Sikuwa na la kumwambia. Niliketi uani, nikaanza kuokota vizibo.