Maji baridi tumeyapata, chumvi yake tumtupie nani?



Mahujaji wetu wakirejea hutusimulia habari za Zamzam, na ni haki yao. Wachache husimulia yale maji mengine waliyokogea na kutilia udhu hotelini Makkah. Sehemu kubwa ya maji hayo yametoka Bahari ya Sham, yakaondolewa chumvi katika mitambo ya Shuaiba, kusini ya Jidda, kisha yakasukumwa kwa mabomba hadi mji mtukufu. Ni neema, Alhamdulillah. Lakini chumvi yake imekwenda wapi?

Maji ya bahari kwa kawaida yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Mtambo ukichuja nusu yakawa matamu, nusu iliyobaki inabeba karibu gramu 70. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa walikadiria mwaka 2019 kuwa mitambo karibu 16,000 duniani inatoa mita za ujazo milioni 95 za maji matamu kwa siku, na milioni 142 za majichumvi. Zaidi ya nusu ya majichumvi hayo yanatoka Saudia, Imarati, Kuwait na Qatar. Hatuwezi kusema hili ni la makafiri.

Mengi hurudishwa baharini. Kwa kuwa ni mazito, hayaelei, hulala chini kwenye majani na viumbe vya sakafu ya bahari, pamoja na dawa za mtambo. Kule Perth, Australia, mtambo ulioanza mwaka 2006 unayatoa kupitia bomba lenye matundu mengi, yarushwe juu na kuchanganyika upesi. El Paso, Texas, mji ulio mbali na bahari, tangu 2007 wanayashindilia kwenye miamba ya kina kirefu ardhini. Wengine huyaanika juani katika mabwawa, ila bwawa linataka eneo kubwa na sakafu isiyovuja. Kuyakausha kabisa ibaki chumvi tupu kunawezekana, kwa mwenye fedha na umeme.

Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Surat Ar-Rum, aya ya 41, ametutajia uharibifu uliodhihiri bara na baharini kwa sababu ya yale iliyoyachuma mikono ya watu. Bahari imetajwa, ndugu yangu. Na Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kudhuru na kulipiziana madhara.

Sasa nije kwetu. Kamati ya msikiti mmoja hapa Dar es Salaam ilinitaka ushauri. Kisima chao kimeingia chumvi, kama visima vingi vya pwani, na mfadhili amejitolea mashine ya kuchuja. Kwa kila lita 1,000, 600 zitakuwa tamu na 400 zitamwagwa, zikiwa na chumvi takriban mara mbili na nusu ya ile ya kisimani. Mmoja akapendekeza mfereji wa nyuma, unaopita kwenye bustani ya mchicha ya jirani. Mwingine akasema yarudishwe katika kisima cha zamani. La kwanza ni kumuua mama wa watu kwa njaa, kwa kuwa udongo ukishiba chumvi mchicha hauoti. La pili ni kutia chumvi visima vya mtaa mzima, na cha msikiti kikiwemo.

Nikawauliza: nani kawaambia udhu unataka maji matamu? Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya kutawadha kwa maji ya bahari, akajibu kuwa ni tohara. Na kwa madhehebu yetu ya Shafii, chumvi itokanayo na maji haiyaondolei utohara wake. Basi kisima kibaki cha udhu na vyoo, na mashine ichuje ya kunywa peke yake. Badala ya kuchuja lita 10,000 kwa siku watachuja 500. Zitakazomwagwa ni 200, nazo ziingie pipa la kuoshea vyoo, ambako zitachanganyika na maji ya kisima. Chumvi haitatoweka kwa hilo, lakini itakuwa ileile iliyotoka kisimani, bila kukusanywa na kumwagiwa jirani mmoja.

Mjumbe mmoja alinung'unika kuwa mfadhili ameshaahidi mashine kubwa. Aambiwe alete ndogo, na fedha itakayobaki ijenge tangi la maji ya kunywa upande wa barabarani, huyo mama wa mchicha naye achote.