Abiria Aliye Nyuma ya Mgongo

Boti za kutoka Amu zikifika gatini Mokowe, vijana wa bodaboda huwa wameshapanga pikipiki zao, wanangoja abiria wa kwenda Hindi na kwingineko bara. Mama mmoja anapanda, mkoba mapajani. Kijana hawashi pikipiki. Anageuka na kumwambia, "Mama, kusanya buibui lako, lisije likaingia kwenye cheni." Kisha anampa helmeti ya pili, anasubiri mpaka mkanda ufungwe vizuri chini ya kidevu. Wenzake wawili wameshaondoka na abiria wao. Yeye bado yupo.

Namfikiria kijana huyu ninapowaombea wanaojiandaa kwa mtihani wa leseni. Huko utawekwa mbele ya ubao wenye mji mdogo wa mfano, upewe kigari, uambiwe utoke hapa ufike pale. Kwa aliyekulia Amu, ambako mitaa ya mji wa kale ni ya kupishana punda, raundabauti ni kitu cha kwenye ubao. Hata hivyo lazima aijue: ashike kushoto, na kabla ya kuingia ampishe anayetoka kulia. Anafundishwa kumpisha mtu ambaye bado hajakutana naye. Je, wewe unajiandaa kumpenda nani ambaye bado hujamwona?

Kaunti ilipozuia pikipiki ndani ya mji huo wa kale, wapo walionung'unika, na njaa ya mwenye familia naielewa. Lakini katika vichochoro vya mji huo mtoto akitoka mlangoni mbio hana pa kukwepea. Naona katazo lile lilikuwa na huruma ndani yake.

Sheria ya trafiki ya Kenya inataka abiria asizidi mmoja, naye awe na helmeti na jaketi la kung'aa kama dereva. Ukiisoma polepole, utaona inakudai umtunze mtu usiyemwona. Abiria yuko nyuma ya mgongo wako. Huoni uso wake unapokaza mwendo. Huoni kwamba amefumba macho. Unachopata kwake ni vidole vinavyoshika shati lako kwa nguvu zaidi. Ukivihisi, mpendwa, punguza mwendo. Usingoje aseme, maana mama mtu mzima anaweza kuona haya kukuomba.

Yesu alipoulizwa jirani ni nani, alisimulia habari za Msamaria aliyemkuta mtu amepigwa na wanyang'anyi, akamfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake mwenyewe hadi nyumba ya wageni. Sisi wa visiwa vya punda tunaiona picha hiyo vizuri kuliko wengi. Majeruhi hakukimbizwa. Alibebwa kwa mwendo ambao mwili wake uliweza kuustahimili, na safari ya mwenye mnyama ikachelewa. Ni lini mara ya mwisho wewe ulikubali kuchelewa kwa ajili ya mtu?

Mazoezi yenyewe ni ya kurudia mambo madogo. Kagua matairi na breki asubuhi. Washa indiketa, kisha geuza shingo utazame, kwa kuwa kioo hakionyeshi kila kitu. Ukikanyaga mchanga, usibane breki ya mbele ghafla. Gurudumu litateleza na mtakwenda chini nyote wawili. Ukimkaribia punda mwenye mzigo, usimpigie honi mgongoni. Mtahini atayaona machache tu kati ya hayo, kwa muda mfupi. Ya Jumanne mchana, jua kali, hakuna askari, hayo atayaona Bwana na abiria wako.

Na hasira? Itakuja. Dereva wa gari atakubana hadi ukingoni, au mwenzako atakuchukulia abiria uliyekwisha kuelewana naye. Ukimfukuza ili umwoneshe, mama aliye nyuma yako anaingizwa katika ugomvi asioujua. Mwache apite. Simama kando kidogo ukibidi, pumua, umwulize mama kama yuko salama. Jioni mtaje mtu yule katika sala, na kama hulijui jina lake, taja rangi ya gari au pikipiki yake, Mungu atamjua. Kesho mkikutana gatini, mtangulie kwa salamu.