"Sawa, Pasta" Haikuwa Sawa

Andiko la msingi: Matendo ya Mitume 6:1–7

Kwa wale hamkuwa kanisani Jumapili, na kwa wale mlikuwepo lakini watoto hawakuwapa nafasi ya kusikiza, haya ndiyo tuliyojifunza pamoja.

Naanza na kukiri. Miaka michache iliyopita nilikuwa katibu wa kamati yetu ya maslahi. Si mnajua nilisomea biashara? Basi kile kitabu cha hesabu nilichokikuta kilininyima usingizi. Kila msiba tulichanga upya, na kila mara kiasi kilikuwa tofauti. Mwenye ndugu wengi kanisani alipata nyingi, mgeni alipata kidogo. Nikasema hii si haki mbele za Mungu. Nikaandika kanuni moja kwa watu wote: kanisa litalipia mochari, jeneza na kaburi Lang'ata. Anayetaka kusafirisha mwili kwenda ushago atajitegemea. Kamati ikapitisha. Nikarudi nyumbani nikijiona nimetumika vizuri.

Baada ya muda mfupi, mama mmoja wetu akafiwa na mume. Kwao ni Siaya. Nikaenda kwake na fomu yangu. Nikamweleza kwa upole kabisa: Lang'ata ni karibu, gharama ni ndogo, watoto hawatabaki na madeni, na tena, Mama, mwili ni udongo tu, roho iko na Bwana. Akaniangalia kidogo, akainamisha kichwa, akasema, "Sawa, Pasta."

Nikaandika kwenye fomu: amekubali.

Wapendwa, hakuwa amekubali. Siku chache baadaye nikasikia ndugu wa marehemu wamechanga, wengine wamekopa, na wamembeba usiku hadi Siaya, karibu kilomita 400. Kanisa halikutoa hata shilingi, kwa sababu kanuni ni kanuni. Mama alirudi baada ya matanga, akakaa viti vya nyuma Jumapili mbili, halafu hatukumwona tena.

Mimi nilifikiri tatizo ni pesa. Roho Mtakatifu akanipeleka kwenye Matendo sura ya 6.

1. Kanisa lililojazwa Roho lilikuwa na watu waliosahaulika

Sisi tunaitwa Wapentekoste. Tunaipenda Matendo sura ya 2, na tuna haki ya kuipenda. Lakini tumewahi kuangalia vizuri ni nini kilitendeka siku ile? Umati ulitoka nchi nyingi: Waparthi, Wamisri, watu wa Libya, Wakrete, Waarabu. Mungu hakuwaambia, "Jifunzeni kwanza Kigalilaya ndipo nizungumze nanyi." Kila mtu alisikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha aliyozaliwa nayo. Siku ya kwanza ya kanisa, Mungu ndiye aliyechukua gharama ya tofauti. Amina?

Sasa fungua sura nne mbele. Kanisa lilelile, mitume walewale, moto uleule. Na kuna manung'uniko. Wayahudi waliozungumza Kiyunani wanalalamikia Waebrania, kwamba wajane wao wanasahaulika chakula kinapogawanywa kila siku. Ugomvi huu wa ndani haukuanzia kwenye mafundisho. Ulianzia kwenye sahani, kati ya makundi mawili ya lugha.

Luka hasemi kwamba mtu alikusudia kuwaacha wale wajane. Labda waliogawa waligawa kwa wale waliowajua, kwa lugha waliyoielewa, kwa saa waliyoizoea. Hivyo ndivyo mtu husahaulika. Hakuna anayemfukuza, ni vile tu mpango uliandikwa na watu ambao hawafanani naye. Kama kanuni yangu.

Hebu tujiangalie. Eastlands ni Pentekoste ya kila siku. Kuanzia Pumwani na Kaloleni mpaka Umoja, Kayole na Dandora, kwenye ploti moja unaweza kupata Mkamba chini, Mluhya juu, Mkisii upande ule, na wote wanangojea maji kwenye bomba moja. Tunazungumza Kiswahili, na katiba ya 2010 inakiita lugha ya taifa. Kwa hiyo tunadhani tumeelewana. Lakini watu wanaweza kutumia neno moja na kila mmoja akawa na maana yake.

2. Neno moja, maana mbili

Chukua neno "nyumbani." Wazee wetu wanakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, Mkikuyu wa familia ya Waiyaki, alitaka kumzika katika shamba lao Upper Matasia, kule Ngong, na akasema hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi ya mumewe. Ukoo wa mumewe, Umira Kager, ukasema atazikwa Nyalgunga, Siaya, kwa baba zake. Kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Rufani. Mwili ukakaa miezi mitano bila kuzikwa. Mwishowe alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, na mjane wake hakuwepo kaburini.

Sisemi nani alikuwa na haki. Mahakama ilishaamua, na machozi ya pande zote mbili yalikuwa ya kweli. Ninachotaka tuone ni hiki: neno moja lilikuwa katikati ya kesi ile. Upande wa ukoo ulishikilia kwamba mtu anaweza kuwa na nyumba Nairobi, hata nyumba kadhaa, lakini nyumba si nyumbani. Nyumbani ni kwenye boma la baba zake. Upande wa mjane ulishikilia kwamba nyumbani ni pale mtu alipoishi na mke wake na watoto wake. Wote walisema "nyumbani." Hawakuwa wanazungumzia mahali pamoja.

Mimi nimezaliwa hapa Eastlands. Babu na nyanya yangu wote wamezikwa Lang'ata. Nikisema Lang'ata, ninasikia heshima. Yule mama aliposikia Lang'ata, alisikia kwamba kanisa linataka kumtupa mume wake ugenini kama mtu asiye na watu. Na mimi, mchungaji wake, nilikaa kwenye kochi lake nikimweleza juu ya gharama.

Si mambo ya matanga peke yake. Dada anaenda Eastleigh kununua nguo, ananyoosha mkono kumsalimia mwenye duka, na yule ndugu Mwislamu anaweka mkono kifuani badala ya kuushika. Dada anarudi akisema, "Wanajiona." Pengine yule ndugu alikuwa anamheshimu, kwa njia aliyofundishwa na mama yake. Au kijana wetu anaenda Mombasa, anaingia hotelini na kusema, "Nipe chai." Hapa hiyo ni lugha ya kawaida. Kule mwenye hoteli anashangaa huyu kijana amelelewa na nani, kwa sababu wao wangesema, "Naomba chai." Hakuna aliyetukana, lakini mmoja ametukanika.

Na kuna hili neno letu "sawa." Kwa mwingine "sawa" ni nimekubali. Kwa mwingine ni nimekusikia. Kwa mama aliyefunzwa kwamba mtu hambishii mchungaji, tena ndani ya nyumba ya matanga, "sawa" ni heshima tu, na ndani yake kuna hapana kubwa. Mithali 20:5 inatufundisha kwamba yaliyo moyoni mwa mtu ni kama maji ya kilindi, na mwenye ufahamu ndiye huyateka. Maji ya kilindi huyapati kwa kupita haraka na fomu mkononi. Unahitaji kamba ndefu.

Mwambie jirani yako: "Uliza tena."

3. Mitume hawakuficha tofauti kwa maneno ya umoja

Angalia walichofanya wale Kumi na Wawili. Wangeweza kusema, "Ndugu, katika Kristo hakuna Myahudi wala Myunani, acheni ukabila." Ingesikika ya kiroho sana. Na wajane wangeendelea kulala njaa.

Badala yake waliita mkutano wa wote. Wakakubali kwamba kuna jambo la kurekebisha. Wakaomba wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Sasa soma majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao wa Antiokia. Yote saba ni majina ya Kiyunani! Inaonekana upande uliolalamika ndio uliokabidhiwa meza. Hawakupewa nafasi moja ya kuonyesha watu. Walikabidhiwa ghala.

Na mstari wa 7 unasema neno la Mungu likaenea na wanafunzi wakaongezeka sana Yerusalemu, hata makuhani wengi wakaamini. Tunafunga na kuomba uamsho, na ni vizuri. Lakini pale, uamsho ulikuja baada ya kamati ya chakula kurekebishwa.

Ndugu mmoja aliniuliza baada ya ibada: "Pasta, kwa hiyo tukubali kila mila?" Swali zuri. Hapana. Kila mila inapimwa na Neno, na hata zile tunazoziita "za kimjini" zipimwe. Pale ambapo mjane analazimishwa kurithiwa, au ananyang'anywa kitanda na shamba kabla machozi hayajakauka, kanisa linasimama upande wa mjane, awe wa kabila lolote. Lakini huwezi kupima kitu ambacho hujauliza ni nini.

Nilipomwambia yule mama kwamba mwili ni udongo tu, nilidhani ninasema Biblia. Nikarudi kusoma. Mwanzo 49, Yakobo yuko Misri, anakufa, na agizo lake la mwisho kwa wanawe ni wamzike pamoja na baba zake Kanaani. Sura ya 50, Yusufu anaomba ruhusa kwa Farao na kumpeleka, na msafara mkubwa sana. Kutoka 13:19, Musa anatoka Misri akibeba mifupa ya Yusufu. Halafu Kumbukumbu la Torati 34, Musa mwenyewe anazikwa Moabu, na hakuna anayejua kaburi lake. Yakobo alirudishwa kwao, Musa akabaki njiani, na wote wawili ni watumishi wa Mungu. Kwa hiyo anayezika Lang'ata hajamkosea Mungu, na anayesafiri usiku kucha hadi Siaya hajamkosea Mungu pia. Aliyekosea ni mimi, niliyegeuza desturi ya kwetu kuwa kanuni ya kanisa, kisha nikaipaka andiko.

Nilimwendea mama. Safari hii sikwenda na fomu. Nilikwenda na dada mmoja mzee wa kanisa, anayejua lugha yake na taratibu za kwao. Tulikaa muda mrefu. Nikaomba msamaha. Akanyamaza, kisha akasema, "Nimesikia, mwanangu."

Nilikuwa karibu nimshukuru Mungu na kuomba maombi ya kufunga. Lakini nilikuwa nimejifunza. Nikamuuliza, "Mama, nimesikia hiyo ina maana gani?"

Akacheka kidogo, mara ya kwanza. "Ina maana nimesikia. Kusamehe, bado ninashughulika nako na Mungu."

Hiyo, wapendwa, ilikuwa mara yangu ya kwanza kuzungumza naye kweli. Zile nyingine zote nilikuwa ninajizungumzia mwenyewe.

Leo kanuni imebadilika. Kila familia inapata kiasi kilekile, bajeti haijapanda hata kidogo, lakini familia yenyewe inaamua kitumike wapi: kaburi Lang'ata au gari la kwenda mashambani. Na yule mama, ambaye ameniruhusu kuwasimulia haya, ni mmoja wa wanakamati. Mtu akifiwa, yeye ndiye hutangulia kuingia ile nyumba. Hukaa kwanza. Fomu huja siku ya pili.

Kazi ya wiki hii

Kwanza, tafuta mtu mmoja wa ushirika wako ambaye si wa kabila lako, umuulize: "Kwenu mtu akifiwa, jirani mwema hufanya nini?" Usikize bila kulinganisha na kwenu.

Pili, kuna mtu alikuambia "sawa" na ukamwacha hapo. Anaweza kuwa mke wako, mpangaji wako, mfanyakazi wako, mkwe wako. Rudi kwake, uulize tena.

Tatu, tukiwa kanisani baada ya ibada, kama mmoja aliyesimama nasi haelewi lugha ya nyumbani tunayoongea, turudi kwa Kiswahili. Anayesimama kando akitabasamu bila kuelewa ndiye mjane wetu wa Matendo 6.

Maombi

Baba, ulitusikizisha habari njema kwa lugha tunayoielewa. Tusamehe kwa watu tuliowasahau tukidhani tunatenda haki. Tupe masikio kabla ya majibu, na ujasiri wa kuuliza mara ya pili. Wanaokaa viti vya nyuma, na wale waliokwisha kuondoka, utuonyeshe nyumba zao, na ututangulie mlangoni. Katika jina la Yesu, Amina.