Mungu Ajua Yote: Mbona Twamwomba?

Mama mmoja alitujia na swali. Alikuwa amemzika mtoto wake wa miaka minne. Siku zote mtoto alipokuwa amelazwa hospitalini, nyumba nzima ilipiga magoti jioni kwa Rozari. Majirani walikuja, katekista alikuja, novena ikasaliwa mpaka siku yake ya tisa. Mtoto akafa. "Kama Mungu alijua haja yangu kabla sijafumbua kinywa," akasema, "nilikuwa namwomba nini? Na kama alinisikia, mbona alininyima?" Tangu hapo, wenziwe wanapokusanyika kusali, yeye hubaki jikoni.

Tusimkemee. Swali lake ni la zamani, wala si swali la mkaidi. Bwana wetu mwenyewe ndiye aliyefundisha kwamba Baba ajua tunayohitaji kabla hatujamwomba. Na papo hapo, katika sura ileile ya sita ya Injili ya Mathayo, akawapa wanafunzi wake sala ya Baba Yetu, ambayo tangu mwanzo hadi mwisho ni kuomba, na ombi mojawapo ni la chakula. Ni dhahiri, basi, kwamba hakuona mambo hayo mawili kuwa yanapingana.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alilijibu swali hili kwa utulivu wake wa kawaida: hatuombi ili kuligeuza shauri la Mungu, bali ili tupate yale ambayo Mungu mwenyewe amepanga yapatikane kwa kuomba. Mkulima hasemi, "Kama nimeandikiwa mavuno, nitavuna hata nisipopanda." Mavuno yamepangwa pamoja na jembe na mbegu. Na dawa nazo zimo katika mpango huohuo. Yoshua bin Sira, sura ya 38, amwagiza mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake. Jibu la Thoma ni la kweli. Lakini mbele ya kaburi dogo ni jibu la baridi, kwa kuwa mkulima aliyepanda asivune angali na swali lake.

Tumtazame mama mwingine. Mtakatifu Monika alikuwa Mwafrika, mwenyeji wa Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Mwanawe Augustino aliiacha imani ya mama yake akafuata mafundisho ya Wamanikeo, naye Monika akamlilia Mungu miaka mingi. Mwaka 383 Augustino akaazimia kwenda Roma. Mama alimfuata hadi pwani ya Karthago, akamng'ang'ania. Mwana akamdanganya kwamba anamsindikiza tu rafiki yake anayengojea upepo. Usiku ule Monika alikesha katika kikanisa cha Mtakatifu Sipriani, akilia na kuomba jambo moja: mwanawe asisafiri. Kulipokucha, merikebu ilikuwa imekwisha kwenda.

Ombi la usiku ule lilikataliwa. Lakini safari ileile ndiyo iliyomfikisha Augustino Milano kwa Askofu Ambrosi, aliyembatiza katika Pasaka ya mwaka 387. Katika Maungamo yake Augustino akiri kwamba mama yake alinyimwa alichokililia usiku mmoja ili apewe alichokililia siku zote.

Mwaka uleule Monika alifariki Ostia, bandari ya Roma. Zamani alitamani sana kuzikwa kando ya mumewe, hata mahali pa kaburi alikwisha kujitayarishia. Sasa akawaambia wanawe wamzike popote, mradi wamkumbuke altareni. Miaka ile ya machozi haikumpa Mungu habari asiyokuwa nayo. Ilimpanua Monika. Ndivyo Augustino alivyomweleza baadaye Proba, mjane tajiri wa Roma aliyekimbilia Afrika, katika barua yake ndefu juu ya sala: Mungu hutaka tuombe ili hamu yetu ikue, tuweze kuyabeba anayotuandalia.

Mama wa jikoni atasema, na ana haki: Monika alimwona mwanawe akibatizwa, mimi nimeona udongo. Hapa yatupasa kuuchunga ulimi. Wako wahubiri, na siku hizi ni wengi, watakaomwambia kwamba imani yake ilipungua, au kwamba hakutoa sadaka ya kutosha, au kwamba yuko jirani aliyemroga mtoto. Huo ni ukatili uliovikwa joho. (Na sisi wengine, wenye nia njema, twasema upesi mno, "Ni mapenzi ya Mungu," kisha twapokea kikombe cha chai.)

Yeye ambaye imani yake haikupungua kitu aliomba Getsemane kikombe kimwondokee. Aliomba mara tatu, na hakikumwondokea. Waraka kwa Waebrania, sura ya tano, wazitaja sala zake za kilio kikuu na machozi, kisha wanena kwamba alisikilizwa. Alisikilizwa, naye akafa msalabani! Neno hilo halieleweki ila kwa asubuhi ya Pasaka, na mama yetu huyu angali upande huu wa asubuhi hiyo. Kwa nini mtoto wake hakupona, hatujui, wala hatutajifanya twajua.

Lakini lile swali alilotuletea sisi, angeweza kumpelekea yule anayemlalamikia, nalo lingekuwa sala. Zaburi nyingi ni malalamiko. Ile ya 88 huanza kwa kilio na kuishia gizani, isimpe msomaji hata neno moja la faraja mwishoni. Na Kanisa huisali kila Ijumaa usiku, katika sala ya mwisho ya siku, kabla ya kulala.

Tulimwambia hivyo. Akanyamaza kitambo, kisha akasema kwamba amekwisha kujaribu Baba Yetu mara kadhaa, lakini afikapo pale pa kuyakubali mapenzi ya Mungu, ulimi humkatalia. Tukamshauri kwa sasa aishie papo hapo, na wenziwe wammalizie. Juzi mumewe alituarifu kwamba amekisogeza kigoda chake mpaka mlangoni mwa jikoni.